Barua ya wazi kwa wahariri na maofisa habari: mrudisheni msomaprufu

Kwa wahariri wakuu wa magazeti, wakurugenzi wa redio na televisheni, na maofisa habari wa wizara, mikoa na halmashauri zetu,

Yah: Matangazo na habari zinazotoka bila kusomwa

Ndugu zangu, mlio wakubwa kwangu shikamooni, na wengine habari za kazi.

Mwaka jana shangazi yangu alipanda bodaboda kutoka kijijini kwake mpaka kituo cha afya, mwendo wa karibu saa nzima kwenye barabara ya vumbi, kwa sababu ya karatasi iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo. Mjukuu wake alikuwa ameipiga picha kwa simu, akamsomea: "DAKTARI WA MACHO ATAKUWEPO JUMATANO." Shangazi alifika saa mbili asubuhi, akakaa kwenye benchi na wazee wenzake wasiopungua kumi. Saa sita mchana mhudumu akapita, akawauliza wanamsubiri nani. Walipomjibu akashangaa. Daktari wa macho Jumatano ile alikuwa safarini, na karatasi ilibandikwa makusudi ili watu wasije. Ilitakiwa kusema "hatakuwepo".

Herufi moja tu. Aliyeiandika pengine anatamka "atakuwepo" anapokubali na anapokanusha, kwa hiyo sikioni mwake hapakuwa na kasoro yoyote. Makosa mengi ya kudondosha H hujitangaza yenyewe. Ukiandika "akuna maji" kila mtu anaelewa kwamba maji hakuna, anakunja uso na kuendelea na safari yake. Lakini kosa la "atakuwepo" limevaa nguo za neno sahihi. Hata msomi akipita pale haoni kitu. Ndivyo ilivyo kwa tangazo la shule linalosema "Asiyelipa mchango atafanya mtihani" wakati mwalimu mkuu amekusudia "hatafanya". Mzazi akishika karatasi hiyo na kudai mwanawe apewe mtihani, ana haki.

Sina ugomvi na aliyeandika ile karatasi. Huenda ni muuguzi aliyekuwa na foleni ya wagonjwa mlangoni. Ninachouliza ni hiki: kati ya kuandikwa na kubandikwa, nani aliisoma?

Nauliza kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Kwa miaka kumi na tisa nilisoma prufu katika gazeti moja la Kiswahili. Tulikuwa wanne kwenye meza moja ndefu. Mwenzangu alisoma nakala ya mwandishi kwa sauti, pamoja na nukta na mikato, nami nikafuatilia kwenye ukurasa uliopangwa nikiwa na kalamu nyekundu. Tulisoma hata matangazo ya vifo na majina ya wadhamini wa mechi. Usiku wa kuamkia siku ya gazeti kubwa tulitoka saa sita, macho yanawasha. Siku moja tukaambiwa dawati linafungwa, kwamba waandishi watajisomea wenyewe na kompyuta itasaidia. Kompyuta zile zilipigia mstari mwekundu karibu kila kitenzi cha Kiswahili, kwa kuwa hazikujua kwamba "hawakunitafutia" ni neno kamili lenye mtenda, kanusho, wakati na mtendewa ndani yake. Baada ya wiki mbili vijana wakaizima ile mistari. Toka hapo hakuna aliyesoma.

Na hata kompyuta yenye kamusi nzuri haiwezi kumwokoa shangazi yangu, kwa sababu "atakuwepo" ni neno la Kiswahili. "Kwa ajiri ya" nayo itapita salama, maana "ajiri" ni kumpa mtu kazi. Itapita "kula" mahali pa "kura", ingawa wananchi wameitwa kituoni kupiga moja na si kufanya nyingine. Itapita "karamu" mahali pa "kalamu", "mahari" mahali pa "mahali", "fahari" mahali pa "fahali". Duka likiandika "THAMANI ZA NDANI" badala ya "SAMANI ZA NDANI" kompyuta hainyanyui kidole, wala haigutuki ripoti ya mradi inapoahidi kununua "dhana za kilimo". Lugha nyingi za Kibantu hazitenganishi R na L, na wengi wetu tumekulia kwenye lugha hizo kabla ya Kiswahili. Huo si upungufu wa akili, wala haumwondolei mtu uraia wa Kiswahili. Ni sababu ya kuweka jozi ya pili ya macho kwenye kila maandishi yanayokwenda kwa umma.

Sasa niseme la ngeli, kwa sababu hapa ndipo ninapoumia zaidi, na ndipo ninaposikia watu wakisema "si umeelewa lakini?"

Wengi wanauchukulia upatanisho wa ngeli kama adabu ya darasani, kitu cha kumfurahisha mwalimu. Chukueni sentensi mbili: "kikapu cha mwalimu kilichoanguka" na "kikapu cha mwalimu aliyeanguka". Katika ya kwanza tunaokota machungwa. Katika ya pili tunamkimbiza mwalimu hospitali. Hakuna neno lililoongezwa wala mkato uliowekwa. Kazi yote imefanywa na "kili-" na "ali-". Kiambishi ndiyo kamba inayofunga tendo kwenye mtendaji wake, na ukiikata kamba hiyo msomaji anabaki kubahatisha. Ninaposikia taarifa ya habari ikisema "kikao cha wakulima ambayo imefanyika jana", nabaki najiuliza kilichofanyika ni kikao au kuna jambo jingine lililotajwa kabla sijaongeza sauti.

Jambo hili lina uzito mkubwa zaidi tangu 2021, Bunge la Tanzania liliporekebisha sheria na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Tuliililia siku hiyo kwa miaka mingi. Ila sasa kiambishi kinaweza kumpeleka mtu jela. Nitoe mfano wangu mwenyewe. Halmashauri inaandika: "Ni marufuku kuuza dawa au chakula kilichoharibika." Kilichoharibika ni chakula peke yake, kwa hiyo dawa imekatazwa yote, nzima na mbovu, na mwenye duka la dawa akifungua mlango asubuhi ameshavunja amri. Aliyekusudia vyote viwili angeandika "dawa au chakula vilivyoharibika". Mwanasheria atakayelipwa kumtetea mtu ataiona "kili-" hiyo siku ya kwanza. Ni afadhali tuione sisi kwanza.

Msomaprufu mwenzangu, marehemu sasa, Mungu amrehemu, alikuwa na orodha ya maneno aliyoyaita "watoto waliopotea": nyimbo hii, funguo hii, nyaraka hii, mbao hii ya matangazo, kumbi hii ya mikutano. Umoja umesahaulika. Mtangazaji anatambulisha "nyimbo mpya ya msanii", moja tu, kisha inapigwa moja, na mwenye kusikia hapati tena nafasi ya kukutana na "wimbo". Nakiri hili linanikera kuliko kiasi chake. Neno "wimbo" halikufanya kosa lolote la kustahili kufa. Likiondoka, watoto wetu watakuwa na kitu kisicho na umoja, na siku wakitaka kusema zipo kumi wataanza kusema "manyimbo", jambo ambalo baadhi yao wameshaanza.

Kuna mengine yanakera wengi lakini mimi sitayapigania sana. "Masaa" badala ya "saa" ni mojawapo. Sanifu ni saa nane, saa ishirini na nne, nami nitaendelea kusahihisha, ila kusema kweli hakuna aliyewahi kukosa basi kwa sababu ya "masaa". "Ambae" na "nae" badala ya "ambaye" na "naye", "kwasababu" lililogandishwa, "nime kuja" lililokatwa vipande: yote hayo msomaprufu mmoja anayamaliza kwa dakika kumi. "Mtu yoyote" pia, ambalo ni "mtu yeyote". Na "madawa ya kulevya", wakati chombo chenyewe cha serikali kimeandikwa kwa jina la Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ambalo mtangazaji analo mbele yake kwenye karatasi.

Lakini "kuweza" sitaliacha lipite.

Miaka mitatu iliyopita tulikuwa msibani kwa jirani. Kijana wao alifariki kwenye ajali ya basi dogo. Wanaume tumekaa nje kwenye viti vya kukodi, redio ya mtu inaongea kwa sauti ya chini, na taarifa ya habari ikafika kwenye ajali ile. Mtangazaji akasoma hivi: basi "limeweza kuacha njia na kupinduka, ambapo abiria wanne wameweza kupoteza maisha". Mjomba wa marehemu aliinua kichwa akarudia neno hilo moja: "Wameweza?" Hakuna aliyemjibu. Mwenye redio akaizima. Nilimtazama mzee yule akitazama mikono yake, nikaona aibu kama vile nilikuwa mimi niliyeisoma ile taarifa, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba sentensi ya namna hiyo haimfikii mzee wa namna hiyo.

Kuweza ni kuwa na uwezo. Mtoto ameweza kutembea. Timu imeweza kusawazisha dakika ya tisini. Mtu anapokufa hajaweza kitu. Basi limepinduka, watu wanne wamekufa, au wamefariki dunia, au wamepoteza maisha, Kiswahili kina maneno ya heshima ya kutosha. Najua neno hili linavyoingia: mtangazaji anataka muda wa kufikiri, na "ameweza ku-" inampa silabi za kupumzikia. Ni kama "lakini pia" inayofungua kila sentensi, au "mwisho wa siku" ambayo haihusiani na jioni yoyote. Hizo nyingine zinachosha. "Kuweza" inajeruhi, hasa kwa kuwa habari zinazotangazwa zaidi ni za misiba. Imeambatana na ndugu yake "kupelekea": "ajali hiyo imepelekea vifo". Tunampelekea bibi maji ya kuoga. Ajali imesababisha vifo, au imeua.

Mkurugenzi wa redio, hili halihitaji bajeti. Andika neno "ameweza" kwenye karatasi, libandike kwenye kioo cha studio, na chini yake uandike: "Je, ni ushindi?" Kama si ushindi, lisisomwe.

Kuhusu alama za uandishi nitasema kidogo, kwa kuwa bado tunaziona kama mapambo. "Mama Asha amefika" ni habari ya mama mwenye binti aitwaye Asha. "Mama, Asha amefika" ni mtoto anamwita mama yake, na aliyefika ni Asha. Mkato mmoja umebadilisha aliyesimama mlangoni. Katika lugha yetu, ambamo mtu huitwa kwa jina la mtoto wake na kwa cheo chake, Mama Asha, Baba Juma, Mwalimu Neema, mkato una kazi kubwa kuliko tunavyoupa. Kichwa cha habari chenye "Waziri Simba wamefika" kinamwacha msomaji asijue kama kuna waziri aitwaye Simba aliyekuja na wenzake, au ni klabu imefika na waziri anaarifiwa. Na ile alama ndogo ya juu kwenye "ng'ombe": sauti ni moja, na alama hukaa baada ya G. Mwenye bucha akiandika "N'GOMBE" ubaoni, nyama ni ileile na mizani ni ileile, mwacheni auze. Wizara inayohusika na mifugo ikichapisha bango la mita sita lenye "N'GOMBE", hapo nina swali.

Huo ndio mstari ninaouchora, na naomba usivukwe na watu watakaoisoma barua hii wakitafuta fimbo. Mama lishe anayeandika "WARI MAHARAGE" hajamkosea mtu. Kijana anayemwandikia mchumba wake "xaxa" na "cjui" anaandika kwa kanuni zake, na mchumba ameelewa. Mwenzetu wa Mombasa akisema "ndoo" akimaanisha "njoo", hajakosea. Anasema Kimvita, lahaja iliyokuwa na washairi wakubwa kabla usanifu haujazaliwa. Kiunguja kilichaguliwa mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika hukohuko Mombasa, kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu na shule. Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Yalikuwa makubaliano ya uandishi, ili kitabu kilichochapwa pwani kisomeke bara. Hakuna aliyesema lahaja nyingine ni uchafu. Makubaliano hayo yanawafunga wale wanaoandika kwa niaba ya wote na kulipwa kwa kazi hiyo. Yanawafunga ninyi, ndugu zangu.

Dada yangu anafundisha Kiswahili darasa la sita. Mwezi mmoja uliopita alimkata mwanafunzi alama kwa kuandika "watu kumi na mbili". Kesho yake mtoto alikuja na simu ya baba yake, ina picha ya kioo cha televisheni, na maandishi yanayopita chini ya skrini yanasema "watu kumi na mbili". Mtoto hakuwa mtovu wa adabu. Aliuliza tu: "Mwalimu, hawa nao wamekosea?" Dada yangu akasema ndiyo, wamekosea, ni "watu kumi na wawili". Akaniambia baadaye kwamba aliona macho ya darasa zima yakipima nani wa kuaminiwa, mwalimu aliyevaa viatu vya vumbi au televisheni. Anajua mizani ile haikuegemea upande wake.

Na hatujisomei wenyewe tu. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka uliofuata Umoja wa Afrika ukakipitisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Mgeni anayejifunza lugha hii leo hafungui vitabu pekee. Anafungua kurasa za magazeti yetu na kurasa za taasisi zetu mtandaoni, anaiga anachokiona huko akiamini kwamba kimetoka kwa wenyewe.

Ninachoomba ni kidogo. Kila chumba cha habari, na kila ofisi inayotoa tangazo kwa wananchi, iwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina, mwenye wajibu wa kusoma kabla ya kutolewa na mwenye mamlaka ya kusema "hili halitoki". Mamlaka hayo ni muhimu. Nimeona vijana wenye shahada za Kiswahili wakiajiriwa na kupewa kazi ya kupiga picha za mikutano, na wakionyesha kosa kwenye bango wanaambiwa limeshakwenda kuchapwa. Wapeni kiti karibu na mhariri. Wapeni kamusi mezani, ya karatasi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ipo tangu 1981, na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoanzishwa kwa sheria mwaka 1967, lina Kamusi Kuu na lina wataalamu wa kuulizwa. Kosa likishatoka, lisahihishwe hadharani kama mnavyosahihisha jina la mtu lililokosewa. Sijawahi kuona gazeti likiandika: "Jana tuliandika nyimbo hii, tulikusudia wimbo huu." Ningelinunua nakala mbili.

Na mnapomwajiri mtangazaji, kabla ya kusikiliza sauti yake, mpeni taarifa ya msiba aiandike upya kwa sentensi nne. Mtajua mengi.

Mimi nimestaafu, nina muda na macho bado yanaona kwa msaada wa miwani. Halmashauri yoyote ya mkoa wangu itakayotaka, nitasoma matangazo yake ya mwezi mzima bila malipo, na nitakaa na kijana atakayeteuliwa mpaka aizoee kazi. Naanza Jumatatu mkitaka. Kalamu nyekundu ninazo.

Wenu,
Msomaprufu mstaafu
Morogoro